Nilivyomuuguza mbwa wangu wa shamba aliyekula sumu ya panya

Shamba langu liko Dunga, Wilaya ya Kati, Unguja, na Chui ndiye anayelinda mihogo isichimbwe na kima na banda la kuku lisiingiliwe na ngawa. Wakati wa masika panya buku walizidi kula mayai, nikanunua vibonge vya sumu vya rangi ya buluu, nikaviweka kwenye kifuu cha nazi nyuma ya magunia ya pumba. Asubuhi yake kifuu kilikuwa kitupu, nami nikafurahi nikidhani panya wamekula. Laiti ningelitazama vizuri: panya huacha chenga na mavi, ilhali kifuu kile kilikuwa kimelambwa kikang'ara.

Siku tatu Chui alikula, akabweka na kufukuza kima kama kawaida yake. Siku ya nne hakuinuka. Nilimfungua mdomo nikaona ufizi, ambao siku zote ni mwekundu kama pera lililoiva, umekuwa mweupe kama nyama ya dafu, na tumboni, pale penye manyoya machache, pametokea mavilio ya damu ilhali hakupigwa. Alikuwa pia na kikohozi kidogo kidogo. Jirani mmoja aliniletea maziwa, mwengine mkaa uliotwangwa. Nawashukuru kwa huruma yao, lakini maziwa hayaondoi sumu hii, na mkaa wa jikoni si ule wa hospitali, ambao nao hufaa saa za mwanzo tu.

Nilimpigia simu daktari wa mifugo, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee wangu, pakiti ya sumu unayo?" Kwa bahati nilikuwa nimeichomeka kwenye makuti ya paa. Nilimsomea: brodifakumu, 0.005%. Akanieleza kwamba sumu hii huzuia ini kuitumia tena vitamini K, ambayo bila yake mwili hauwezi kutengeneza vitu vinavyogandisha damu. Vile vilivyokwisha kutengenezwa humsitiri mnyama kwa siku 3 hadi 5, kisha vikimalizika damu huvuja ndani kwa ndani, hata kifuani, na ndiyo maana alikuwa akikohoa. Ingekuwa sumu ya fosfidi ya zinki, Chui angeugua ndani ya saa chache na dawa ya vitamini isingemfaa kitu. Ningemwita siku ile ile ya kwanza, alisema, angemtapisha.

Alipofika alimdunga vitamini K1 chini ya ngozi kwa sindano nyembamba, wala hakumdunga kwenye msuli, akapakandamiza mahali pale kwa muda mrefu hadi nikahofu kwamba kuna jambo baya zaidi. Aliniamuru nisimfunge kamba ya shingo na nisimwache akimbie au aruke, kwa sababu dawa huchukua saa nyingi kabla ya damu kuanza kuganda. Usiku ule nililala bandani pamoja naye, nikimulika ufizi wake kwa tochi kila mara. Kulipokucha alikunywa maji.

Kazi kubwa ilikuwa kutafuta dawa ya wiki 4, kwa kuwa sumu hii hukaa mwilini muda mrefu. Chui ana kilo 16, akaandikiwa miligramu 40 kwa siku, yaani vichupa 4 vya miligramu 10, dawa ile ile wanayodungwa watoto wachanga kwa kipimo kidogo mno. Nilizunguka maduka ya dawa mjini, na penye vitamini K3 nilikataa, kwani daktari alikwisha kunionya kwamba haifai badala yake. Dawa ile nilimpa kwa mdomo kama alivyonielekeza, nikiichanganya na dagaa walioungwa kwa tui zito, kwa sababu vitamini hii hufyonzwa vyema penye mafuta. Kila nilipomaliza niliosha mikono mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofunzwa chuoni.

Wiki ya pili alikuwa mzima kabisa machoni pangu, na nakiri nilishawishika kuacha. Sikuacha. Siku 3 baada ya kichupa cha mwisho daktari alirudi, akachukua damu kidogo katika kibomba cha kioo, akakifumbata kiganjani kipate joto. Baada ya dakika chache alikiinamisha mbele ya macho yangu, na damu haikutiririka.