Kadi ya kupima damu pale pale kitandani

Jamani hii stori nimekaa nayo miaka, leo naiandika. Nilikuwa zamu ya usiku maabara, kituo sikitaji, ikaletwa tyubu ya damu ya mama aliyetoka kujifungua na anavuja vibaya. Nikapima grupu, B. Nikatoa yuniti ya B kwenye friji, nikafanya krosimachi (kuchanganya damu ya mfuko na ya mgonjwa maabara uone kama zinapatana) ikakubali vizuri kabisa, nikasaini damu ikaenda wodini. Nesi anataka kuifungua akatupia jicho kadi ya kliniki ya yule mama, imeandikwa O! Akanipigia, nikapanda wodini mbio, nikamtoa damu upya mwenyewe, na kweli ni O. Ile tyubu ya mwanzo ilikuwa ya mama wa kitanda cha jirani, walitolewa damu kwa pamoja, lebo zikapishana.

Hapo ndo pananiuma mpaka leo, maana kipimo changu kilikuwa sahihi, ila nilikuwa nampima mtu mwingine. Na mtu wa O ana kinga za kupambana na A na B tangu utotoni, ukimwekea B zinaanza kupasua chembe nyekundu hapo hapo, figo zinaweza kufeli, mtu anaweza akafa hata kama mfuko haujafika nusu.

Sasa kuna hizi kadi ndogo, nimezishika kwenye mafunzo. Moja inaitwa EldonCard, ya Denmaki, ina viduara vinne vyenye dawa iliyokaushwa, anti-A, anti-B, anti-D (hii ya kujua chanya au hasi), na cha nne hakina kitu, ni cha kuhakiki. Unaweka tone la maji, unamchoma mgonjwa kidole, unakoroga na kijiti, unainamisha kadi huku na huku, dakika chache tu unaona kama damu imeshikana vidongevidonge (yaani ina hiyo A, B au D) au imebaki laini (haina). Kile cha nne kikishikana, tupa, anza upya. Haitaki friji, haitaki umeme, na sie wa vituo vya pembezoni tunajua anti-sera (dawa za kupimia grupu) za chupa zinavyotutesa umeme ukikatika siku mbili.

Ufaransa wao ni lazima kisheria, damu haifunguliwi mpaka nesi apime kitandani damu ya mgonjwa na ya mfuko kwenye kadi moja. Wanavyoisoma ni rahisi mno: popote ambapo ya mfuko imeshikana na ya mgonjwa haijashikana, usiweke. Yule mama angepimwa hivi, kiduara cha anti-B kingesema chenyewe, tusingetegemea jicho la nesi aliyechoka saa tisa usiku.

Ila naomba mnielewe, kadi haiondoi krosimachi!! Mgonjwa wa siko seli aliyeongezewa damu mara nyingi, au mama mwenye mimba nyingi nyuma, anaweza kuwa na kinga nyingine nje ya ABO (yaani grupu A, B, AB na O), kadi haizioni kabisa, hizo zinataka maabara, joto la 37 na muda. Wala haipimi ukimwi, homa ya ini au kaswende. Yenyewe inajibu swali moja tu, huyu aliyelala hapa na huu mfuko wanaelewana kwa ABO?

Mganga mfawidhi nimeshampelekea barua, nimeomba boksi moja tu la kuanzia, likae leba.