Stika isikudanganye, geuza kitako

Chombo cha maua cha kioo kikishuka na kontena la mtumba kikiwa na stika ya dhahabu iliyoandikwa "Murano", kisiwa cha Venisi, Italia, kinachosifika kwa vioo, bei yake pale Ilala hupanda papo hapo. Stika ndiyo ushahidi wa mwisho kuaminiwa, maana yeyote anaweza kuibandika. Anza na namna chombo kilivyotengenezwa.

Kigeuze. Kioo cha kupulizwa kwa mdomo hushikiliwa kitakoni kwa ufito wa chuma, yaani pontili, wakati fundi anamalizia ukingo wa juu. Ufito ukitolewa huacha kovu: ama linakwaruza kidole, ama limesagwa likawa kidimbwi laini. Kisha pitisha kucha ubavuni ukitafuta mshono wa kalibu, yaani umbo la kumiminia au kupulizia kioo. Usipouona usiseme haraka kwamba kimepulizwa, kwa kuwa viwanda vilikuwa vikirudisha vyombo motoni hadi mshono uyeyuke. Kipimo cha uhakika zaidi kiko ndani. Ingiza kidole: kama nje kuna nundu na ndani ni laini tupu, kimekandamizwa, yaani kioo cha moto kimeshindiliwa ndani ya kalibu; kama nundu ya nje ni bonde kwa ndani, kimepulizwa ndani ya kalibu.

Cha kukandamizwa mara nyingine husema zaidi. Kiwanda cha Sowerby cha Gateshead, Uingereza, kilipiga chapa ya kichwa cha tausi, ndogo mno, wakati mwingine iko ndani ya chombo. Ukiona "Rd" na namba, huo ni usajili wa umbo huko Uingereza. Namba zilianza na 1 mwaka 1884, na kufikia 1900 zilishavuka 350,000. Hapa wengi huteleza: namba inataja umbo lilisajiliwa lini, haisemi chombo chako kilitoka kiwandani lini. Umbo lililouzika liliendelea kutolewa miaka mingi. (Namba iliyo chini ya glasi za Duralex ni ya kalibu tu, si mwaka wala umri.)

Majina yana mipaka ya miaka. René Lalique, msanii wa vioo wa Ufaransa, alifariki 1945. Baada ya hapo saini ikabaki "Lalique France", bila "R". Kwa hiyo "R. Lalique" kwenye umbo lililobuniwa baadaye ni ya kughushi. Iangalie kwa lenzi: saini iliyochongwa juzi ina vumbi jeupe na kingo zilizomeguka. "Czechoslovakia" nayo haiwezi kuwa kabla ya 1918, na nchi ilivunjika mwanzoni mwa 1993.

Tochi ya kukagulia noti bandia inafaa, ila uitumie gizani. Kioo chenye urani huwaka kijani kikali; chenye manganizi huwaka hafifu, na wauzaji huviita vyote urani. Kuwaka hakutaji kiwanda.

Michubuko ya kweli ya matumizi kitakoni huelekea kila upande, tena pale panapogusa meza tu. Ikienda sambamba, msasa umepita ili kionekane cha zamani.

Mirashi ya zamani yenye nakshi za dhahabu ndiyo ngumu kuliko yote. Bohemia, ambayo leo iko Ucheki, waliitengeneza kwa soko la Waturuki na Waajemi, na Beykoz huko Istanbul wakawa na yao. Mingi haina chapa. Ukiuza, andika "mtindo wa Bohemia", usiandike "Bohemia". Na usiisugue kwa steliwaya, dhahabu itaondoka.