Deni lisilo na mwenyewe

Shangazi yangu anauza omena soko la Kibuye, hapa Kisumu, na nusu ya wateja wake huchukua gorogoro leo wakalipa Jumamosi. Mwezi uliopita nilimwandikia programu ya madeni ili daftari lipumzike. Niliiandika kwa Python, kwa kuwa ndiyo lugha ninayoimudu. Lakini kivinjari cha simu yake hakijui Python. Kinajua JavaScript, ile lugha ambayo Brendan Eich aliitunga kwa siku 10 mwaka 1995.

Kwanza nilijaribu Pyodide. Hiyo huibeba Python nzima, ikiwa imegeuzwa WebAssembly (msimbo ambao kivinjari kinaweza kuuendesha), na kuishusha kwenye simu: megabaiti kadhaa kabla ya hesabu ya kwanza. Mtu wa bando la shilingi 20 humpelekei mzigo huo. Nikahamia Transcrypt, inayotafsiri mapema kwenye laptopu yangu na kunipa JavaScript nyepesi. Ukurasa ukafunguka chap. Nikajiona fundi.

Jumamosi jioni akanipigia. "Mwanangu, nani hajanilipa? Simu inasema bado kuna madeni na haitaji jina." Nikamwambia aufungue upya. Yale yale. Kumbe alikuwa ameshamwendea mama wa hoteli mara mbili, kumuuliza kama kweli alilipa.

Nilikesha na kosa hilo. Mstari wenyewe mfupi: if madeni, yaani "kama kuna madeni, toa onyo". Wote walikuwa wameshalipa, orodha ikabaki tupu. Kwa Python, orodha tupu huhesabiwa kuwa uongo, kwa hiyo onyo halitokei. Transcrypt iliupeleka mstari ulivyo, na kwa JavaScript orodha huhesabiwa kuwa kweli hata isipokuwa na kitu ndani. Wala hilo halikufichwa: maelezo ya watunzi wa Transcrypt yanasema hawageuzi jambo hilo usipoomba kwa swichi ya -t unapotafsiri, maana kila ukaguzi wa ziada unaipunguzia programu kasi. Mimi sikusoma. (Nani husoma kurasa hizo akiwa na haraka ya kusifiwa na shangazi?)

Swichi sikuitumia. Niliandika len(madeni) > 0, yaani idadi ya madeni inazidi sifuri, ambayo maana yake ni ile ile pande zote mbili, kisha nikapitia masharti mengine moja moja. Mawili yalikuwa na ugonjwa uleule. Ya salio yalikuwa salama. Sifuri ni uongo huku na kule.

Mama wa hoteli amerudi kununua. Ila siku hizi hataki kulipa taslimu. Analipa kwa M-Pesa, na ujumbe haufuti.