Nilivyofanikiwa kupima dozi ndogo ya Bti kwa viluwiluwi wa mbu

Jamani hili jambo lilinihangaisha karibu wiki sita, naliandika lilivyo maana najua kuna mwanafunzi yuko maabara saa hizi amekwama palepale nilipokwama mimi. Utafiti wangu ulikuwa wa Aedes aegypti, hawa mbu weusi wenye madoa meupe miguuni wanaoeneza homa ya dengue, kidingapopo ya wazee wetu, nikitaka kujua kiluwiluwi akipata dawa kidogo asife, akikua anakuwa mbu wa namna gani.

Bti (Bacillus thuringiensis israelensis) ni bakteria anayetumika kama dawa ya kuua viluwiluwi, ana protini ambayo kiluwiluwi lazima aimeze ndo imdhuru, ikifika tumboni inatoboa utumbo. Pupa, yaani hatua ya kati kiluwiluwi akielekea kuwa mbu, haimfanyi kitu maana pupa hali chakula kabisa.

Mwanzo kila nikijaribu, ama kesho yake wote wamekufa ama wote wanacheza tu kama kawaida. Nilikuwa naweka viluwiluwi 25 kwenye kikombe chenye maji mililita 100, napunguza dozi, napunguza tena, majibu yanarukaruka, siku moja nikalia kabisa. Mama mmoja fundi wa maabara akasogea akaniambia, "Binti yangu, dawa imelala chini hiyo, umeitikisa?" Sikuwa nimetikisa! Kumbe chembe za Bti zinatuama, nikivuta juu nachota maji matupu, nikivuta chini nachota uji. Kuanzia hapo natikisa chupa kila kabla ya kuvuta dawa kwa pipeti, kile kijirija cha kupimia, nachanganya dawa siku ileile, na natumia viluwiluwi wa umri mmoja tu, mwanzoni mwa hatua ya tatu ya ukuaji wao, kwa sababu wale wakubwa wanaokaribia kuwa pupa wameshaanza kuacha kula.

Nikapata dozi inayoua kama robo yao. Waliopona nikawahamishia maji safi nikawafuatilia kila asubuhi. Walichelewa, wenzao ambao hawakupata dawa wameshakuwa pupa wao bado wanajikongoja chini ya kikombe. Wengine walifika hadi kutoka kwenye ganda wakakwama hapohapo, mabawa yamelowa, miguu ya nyuma imenasa ndani, wakafa wakielea. Majike waliofanikiwa kutoka niliwapa damu ya sungura wa maabara, kisha kila mmoja nikamtenga na karatasi ya chujio yenye unyevu, nikawa nahesabu mayai chini ya hadubini, meusi madogo kama vumbi la mkaa. Nikapima na bawa la kila jike. Bawa fupi, mayai machache, karibu kila mara.

Sasa nikarudia kwenye vikombe vilivyojazana, viluwiluwi wengi ila chakula kilekile, na hapa nilishtuka sana. Dawa iliua baadhi, waliobaki wakapata chakula cha marehemu, na majike wao wakawa na mabawa marefu kuliko wale wa vikombe vilivyojazana bila dawa. Ndo maana naumia nikiona mtu anazimua dawa ili itoshe madimbwi mengi, maana pipa la uani au tairi bovu linafanana zaidi na kikombe kilichojazana, na hao wanaosalia unakuwa umewapunguzia wa kugombania nao chakula.

Kwa hiyo ukifanya jaribio hili weka vikombe vya aina zote mbili, wachache na waliojazana, kila aina iwe na vyake visivyo na dawa, na chakula ukipime kwa mizani, usikadirie kwa vidole.