Walikuja kuniulizia

Mzee alikuwa na tabia ya kusikiliza injini kwa bisibisi. Ncha anaiweka kwenye chuma, mpini anaubana sikioni, halafu anafumba macho. Mashine ya kusaga ya pale Base Camp, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilipoanza kukorofisha, mafundi wawili walikuwa wameshaifungua na kuifunga bila mafanikio. Yeye akaja na bisibisi yake, akasikiliza, akasema, "Beringi ya huku nyuma. Hiyo mliyoifungua nyinyi ni nzima." Ndivyo nilivyomjua. Alikuwa mtu wa kwetu Buyenzi, mtaa wa magereji na wa Kiswahili pale Bujumbura.

Mimi niliingia Uganda Mei 2015, siku chache baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa kwetu Burundi. Wakati huo Mrundi akifika alipokewa kwa kuwa ni Mrundi. Waliandika jina langu, wakanipiga picha, wakachukua alama za vidole, nikapewa shitingi, sufuria na kipande cha ardhi. Hakuna aliyeniuliza nithibitishe hofu yangu. Risasi zilisikika redioni, zikatosha.

Mzee alifika Agosti 2017. Kwa miezi miwili tu alikuwa amechelewa. Kuanzia Juni mwaka huo serikali ya Uganda iliacha kuwapokea Warundi kwa pamoja. Tanzania ilikuwa imeshafanya hivyo tangu Januari. Sasa kila mmoja alipaswa kuhojiwa peke yake, aeleze nani anamtafuta yeye, kwa jina lake, na kwa nini. Juni hiyohiyo Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alikuwa Kampala kwenye mkutano wa kuwachangia wakimbizi, na Uganda ikasifiwa dunia nzima. Sifa hizo si za bure, nisije nikaonekana sina shukrani: Wasudani Kusini pekee walifika milioni moja Agosti ile. Lakini sisi tulikuwa tumefungiwa mlango mdogo wakati watu wakipigia makofi ule mkubwa. Julai, Rais wetu, Nkurunziza, alikutana na Magufuli huko Ngara, Tanzania, na wakimbizi wakaambiwa warudi, nchi imetulia.

Nilikuwa mkalimani wa kujitolea, maana yake nalipwa hela ya sabuni na chumvi. Tulifundishwa siku mbili. Usiongeze, usipunguze, usieleze. Wewe ni bomba, maji yanapita. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokubali kusema, kwa sababu ilinipa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na watu wakaanza kuniita "bosi".

Siku ya mahojiano ya Mzee, ofisa alikuwa kijana mpole. Alitupa maji ya chupa, akamuuliza Mzee kama amelala vizuri. Kisha akaanza.

"Kwa nini hukukimbia 2015, wenzako walipokimbia?"

"2015 sikuwa na sababu. Nilikuwa na kazi."

Nikatafsiri, na nikaona kalamu ikikimbia.

"Ulipita Rwanda. Mbona hukuomba hifadhi kule?"

"Kule ni karibu. Anayenitafuta ana ndugu kule."

Halafu akasimulia. Waliletewa gereji pikapu, watengeneze breki. Akiwa chini ya kiti cha nyuma anatafuta nati iliyodondoka, akakuta kandambili ya mguu mmoja na karangamuntu, yaani kitambulisho cha uraia, ya kijana wa mtaa wa pili, kijana ambaye mama yake alikuwa akizunguka akimtafuta tangu wiki iliyopita. Pikapu alimaliza kuitengeneza, akapokea pesa, akashukuru. Jioni akapeleka ile karangamuntu kwa mama. Hilo tu ndilo alilofanya.

"Baada ya hapo walikupiga?"

"Hapana."

"Walikutishia?"

"Hapana. Walikuja kuniulizia. Mara tatu, usiku. Mara ya nne sikungoja."

Hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa Bujumbura ukimwambia kwamba vijana wa chama tawala wamekuja na gari usiku kukuulizia, hakuulizi walisema nini. Anakuuliza una nauli. Mimi nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na nikalitafsiri neno kwa neno: walikuja wakauliza habari zake. Kwa Kiingereza ikasikika kama majirani waliopita kumjulia hali. Kimombo changu kilikuwa sahihi kabisa. Ofisa akaandika nusu mstari, nami niliusoma kichwa chini miguu juu kutoka upande wangu wa meza: hakuna aliyemdhuru.

Nilikaa kimya. Bomba.

Barua ilikuja mwanzoni mwa 2018. Tuliisomea kwenye kibanda cha mashine, unga ukiwa umetanda hewani mpaka karatasi ikawa nyeupe mara mbili. Ombi limekataliwa. Hofu yake haina msingi, hali ya nchi yake imekuwa nzuri, ana siku 30 za kukata rufaa.

"Mwanangu," akasema, "ulimwambia kwamba walikuja kuniulizia?"

"Nilimwambia, Mzee."

"Akasemaje?"

"Aliandika."

"Basi hakuelewa."

"Ni mimi sikumwelewesha."

Hakunijibu. Alikunja barua mara nne, akaiingiza kwenye mfuko wa shati pamoja na bisibisi.

Usiku ule nilianza kuandika rufaa yake. Niliweka ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa ya Septemba 2017, iliyosema kuna sababu za kuamini kwamba uhalifu dhidi ya binadamu umetendeka Burundi tangu Aprili 2015. Ilitoka Mzee akiwa bado anangoja kuhojiwa, na bado barua ikasema hali ni nzuri! Nikaandika pia kwamba sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inakataza kumrudisha mtu mahali ambapo maisha yake yako hatarini, na kwamba nchi kutulia si sawa na mtu kutulia. Makaburini nako kumetulia. Hilo la makaburi nililifuta asubuhi.

Mwisho nikaambatisha karatasi ya pili, kwa jina langu na sahihi yangu: mimi ndiye niliyekuwa mkalimani, nilitafsiri maneno nikaacha maana, na maana ni hii.

Msimamizi wetu aliisoma amesimama. "Ukiipeleka hii, unakiri umevunja kanuni. Hatutakuita tena."

"Nilivunja siku ile nilipozifuata," nikamwambia. Nilijiona shujaa kwa dakika kama tano hivi. Kisha nikakumbuka sabuni.

Nikavua kitambulisho, nikakiweka mezani kwake. Bodi ya rufaa ilichukua miezi mingi, ikarudisha faili lisikilizwe upya. Mkalimani alikuwa mwingine, mama mmoja wa Bwiza, nami nikangoja nje kwenye benchi pamoja na watoto wa watu. Mzee alitoka baada ya saa mbili, jasho limemlowesha.

"Safari hii nimesema walikuja kunichukua," akaniambia. "Si kweli kabisa, maana hawakunichukua. Lakini ndicho walichokijia."

"Walikubali?"

"Waliandika ukurasa mzima."

Kadi yake ilitoka 2019. Mimi nilikuwa nimeshahamia Mbarara, nauza spea za pikipiki. Alinipigia simu, na mashine ya kusaga ikanguruma nyuma yake hata nisisikie vizuri. Nikamuuliza picha yake kwenye kadi imetoka vipi.

"Ngoja kwanza," akasema, "hii kitu inalia vibaya." Akaniacha hewani. Nikasikia mngurumo ukisogea karibu, halafu yeye akanyamaza kabisa.