Nilivyotumia mitandao kufika kwa binti yangu

Machi 2021, usiku, mume wangu amelala, niliandika kwenye kundi la akina mama la Facebook: "Habari zenu wapendwa. Kuna aliyewahi kuasili mtoto hapa Tanzania? Unaanzia wapi?" Nilikuwa na miaka 38, miaka tisa ya ndoa, mimba tatu zimetoka. Nilitumia akaunti isiyo na jina langu, maana sikutaka mawifi wasome.

Asubuhi nikakuta komenti themanini na kitu. Nyingi zilikuwa maombi na namba za wachungaji. Wengine waliandika kwamba mtoto wa kulea hana shukrani, na yale maneno yaliniuma mpaka kazini. Ila dada mmoja wa Mbeya aliandika kwa kifupi: "Nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa yenu. Usimpe mtu yeyote hela. Njoo inboksi nikueleze."

Nilipofungua inboksi, kulikuwa na mwingine ametangulia. "Mama, mtoto yupo. Wa kike, wiki mbili, mzima wa afya. Mama yake ni mwanafunzi. Unalipia gharama za hospitali tu, laki nane, unakuja kumchukua." Akaweka na picha. Kitoto kimefungwa kitenge cha njano, ngumi iko shavuni. Ile picha niliitazama siku nzima. Nilishaanza kupiga hesabu ya hela yangu ya kikoba.

Jioni nikamtumia yule dada wa Mbeya. Akapiga palepale. "Mdogo wangu, huyo mtoto ana mama. Unajua kama mama yake ameridhia? Unajua kama hajaibiwa? Siku polisi wakija watamchukua umeshampenda, na wewe unaingia ndani." Nikakumbuka Novemba iliyopita, BBC walivyoonyesha watoto wachanga wakiuzwa Nairobi. Kesho yake nikapeleka ile picha na namba ya simu kwa afisa ustawi. Ndivyo nilivyoingia ofisi ile kwa mara ya kwanza, nikitetemeka, na ndipo nilipochukua fomu.

Yule dada aliniunganisha na kundi la WhatsApp la wazazi walioasili, na wengine kama mimi waliokuwa njiani. Kwangu faida kubwa ya mitandao ilikuwa hapo. Mmoja alitutumia kurasa za Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, nikasoma kwa macho yangu kwamba mwombaji awe na angalau miaka 25 na amzidi mtoto miaka 21. Mwingine alinikumbusha barua ya serikali ya mtaa, vyeti vya afya vya wote wawili, na wadhamini wanaotujua kweli. Mama mkwe alipouliza, "Huyo mtoto atakuwa wa nani hasa?", wakili mmoja kwenye kundi alinirekodia ujumbe wa sauti wa dakika nne: mahakama ikishatoa amri, mtoto anakuwa wenu kama aliyezaliwa ndani ya ndoa yenu. Nikamchezea mama mkwe ule ujumbe jikoni. Aliusikiliza mara mbili, akaendelea kuchambua mchele bila kusema neno. Jumapili iliyofuata alikuja na mashuka madogo.

Afisa alikuja nyumbani, akaangalia mtoto atalala wapi, akaongea na mume wangu peke yake. Baada ya hapo ni kusubiri. Simu ilikuja Mei 2022: kuna binti wa mwaka mmoja na miezi minne kwenye makao ya watoto, nendeni mkamwone.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameshikilia kandambili moja ya mtu mzima, hataki kuiachia. Hakunitazama. Ziara ya tatu ndipo aliposhika pindo la kanga yangu. Kundi walikuwa wameniambia: siku ya kumchukua, omba kitu chake ambacho hakijafuliwa, chenye harufu ya kule. Nikaomba shuka lake na ile kandambili. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa nane. Nikaandika kwenye kundi, na mama mmoja wa Arusha alikuwa macho: "Usizime taa. Tandika chini, lala karibu yake, usimbembeleze sana." Nikalala sakafuni wiki mbili.

Tulikaa naye kwa malezi ya kambo, yaani kumlea kabla mahakama haijatoa amri, miezi saba, afisa akija kutuona, kisha shauri likaenda Mahakama Kuu.

Kuna jambo lililonikasirisha katika kipindi hicho. Ndugu yetu mmoja alimpiga picha akaiweka status, na maneno kwamba huyu ndiye yule aliyeokotwa. Nilimpigia simu akaifuta, lakini watu zaidi ya sitini walikuwa wameshaiona. Afisa alikuwa ametukataza picha tangu mwanzo, na kwenye kundi letu ni marufuku kuweka sura ya mtoto au kueleza alikotoka. Habari za mwanzo wa maisha yake ni mali yake. Nitamweleza mwenyewe, kidogo kidogo, na akikua ataamua amwambie nani. Ndiyo maana hata hapa jina lake silitaji.

Sasa anayejibu inboksi usiku ni mimi. Wiki iliyopita mama mmoja wa Tabora alinitumia picha ya kichanga pamoja na namba ya kutumia hela, anauliza, "Dada, huyu vipi?" Ilikuwa saa nne usiku. Nikampigia hapohapo, tukaongea mpaka salio likakata. Asubuhi akanitumia picha nyingine: mlango wa ofisi ya ustawi, bado umefungwa, na yeye ni wa pili kwenye foleni.