Kisanduku cha maziwa kwa C, daftari la malipo kwa Python

Kikundi cha wafugaji wa Muheza kiliniita kwa kazi mbili kwa mpigo. Kwanza walitaka kisanduku cha kupima joto la tangi la kupozea maziwa, kitakachotuma meseji joto likipanda, maana umeme ukikatika usiku hakuna anayejua mpaka asubuhi. Pili walitaka programu ya ofisini ya kuonyesha nani kaleta lita ngapi, anadai kiasi gani na akatwe nini.

Kazi zangu nazifanyia Ngamiani, Tanga mjini, na vijana wanaoshinda pale kibandani walinichagulia lugha ya programu hata sijamaliza kueleza. "Braza, piga yote Rust, yaishe." Mwingine akasema JavaScript kila mahali. Mimi nilitaka kujua mambo mawili kwanza: programu itakaa kwenye mashine ya aina gani, na siku nisipokuwepo nani ataifungua na kuirekebisha. Majibu ya kazi hizi mbili yalikuwa mbalimbali kabisa.

Kisanduku kinaendeshwa na chipu ya ATmega328P, ileile iliyomo kwenye Arduino Uno, kibao maarufu cha kujifunzia elektroniki. Ina nafasi ya kilobaiti 32 kwa programu, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2, yaani baiti 2,048 tu. Lugha ya Python ya kawaida, kwenye kompyuta ya biti 64, hutumia baiti 28 kuhifadhi namba 4 peke yake. Hata MicroPython, iliyopunguzwa kwa ajili ya vifaa vidogo, haiingii humo. Ningeweza kuchukua chipu ya ESP32 yenye kumbukumbu ya kilobaiti 520, MicroPython ikaingia na nafasi ikabaki, na simlaumu anayepita njia hiyo. Ila chipu za ATmega nilikuwa nazo kwenye droo, na kazi yenyewe ni kusoma kihisi joto kimoja na kuongea na modemu moja ya kutuma meseji.

Basi nikaandika kwa C. Lugha hii Dennis Ritchie aliitengeneza pale maabara ya Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, na mfumo endeshi wa Unix ukaandikwa upya kwayo. Ninachokipendea ni kwamba nikisoma mstari najua chipu itafanya nini na itakula baiti ngapi. Ubaya wake nao unajulikana: ukitenga nafasi ya herufi 161 ukaandika 162, haikukatazi. Hiyo ya ziada inaangukia juu ya data nyingine, na programu inaanza kufanya vituko saa nane za usiku.

Kwa hiyo wale vijana hawakuropoka. Mwaka 2019 Microsoft walieleza kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka inatokana na makosa ya kumbukumbu ya namna hiyo. Rust, iliyotoa toleo lake la 1.0 mwaka 2015, inayakamata mengi kabla programu haijaanza kukimbia, na mfumo endeshi wa Linux ukaipokea ndani ya kiini chake katika toleo la 6.1, Desemba 2022. Kisanduku changu kingekuwa kinapokea data kutoka kwa watu nisiowajua kwenye intaneti, ningeketi nikaisoma. Kwa chipu hii ilinidai kompaila (programu ya kugeuza nilichoandika kiwe amri za chipu) ya toleo la majaribio, na sikutaka tangi la watu lining'inie kwenye majaribio.

Nikajiwekea masharti badala yake. Hakuna kuomba kumbukumbu programu ikiwa inaendelea. Meseji ina sehemu moja tu, herufi 160 na baiti moja ya kufungia, inayotumika tena na tena. Maneno yasiyobadilika yanakaa upande wa kilobaiti 32. Halafu nikawasha ile saa ya ulinzi iliyomo ndani ya chipu: programu ikiganda kwa sekunde 8, inaanzishwa upya. (Modemu ya SIM800L inapotuma huvuta mpaka ampea 2 kwa ghafla, volti zikashuka na chipu ikazimika. Hilo halina lugha, dawa yake ni kapasita kubwa na waya mnene.)

Ofisini mambo yalikuwa mengine, huko nikachukua Python. Kwenye chipu ile namba ya kawaida ya C inaishia 32,767, na mfugaji mwenye ng'ombe wawili watatu anadai zaidi ya shilingi hizo. Zipo aina kubwa zaidi, lakini uzikumbuke mwenyewe kila mahali. Namba kamili za Python hazina ukomo huo. Lita nilizihifadhi kwa mililita na pesa kwa shilingi nzima, kwa sababu 0.1 kujumlisha 0.2 kwa namba za desimali za kompyuta hutoa 0.30000000000000004, na wafugaji hawasamehe hesabu za namna hiyo.

Sababu kubwa zaidi ni katibu wao. Nilipomwamkia tu, akaanza: "Marahaba mwanangu. Sasa na mkopo wa pumba utaukata wapi?" Nikaongeza. Ikaja dawa ya kuogeshea, ikaja malipo ya awali, ikaja ripoti iliyopangwa kama daftari lake la zamani. Kwa Django, vifaa vya Python vya kujengea programu za wavuti, nilibadilisha asubuhi na mchana anaona. Na kuna kijana palepale Muheza anayejua Python. Wa kuandika C za chipu sijampata karibu.

Katikati kulikuwa na kipande cha tatu: programu ya kupokea meseji za kisanduku kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kibao kimoja, na kuziingiza kwenye hifadhidata. Hapo nilichukua lugha ya Go. Naipitisha kwenye kompaila katika laptopu yangu Ngamiani kwa ajili ya kichakataji cha ARM kilichomo kwenye Pi, linatoka faili moja, nalipeleka kwa flashi, linakimbia bila kusakinisha kitu kingine. Go husimama kidogo ikisafisha kumbukumbu, lakini meseji ikichelewa hata nusu sekunde maziwa hayachachi.

Sasa katibu anataka kila mfugaji apate meseji ya lita zake jioni. Hesabu inabaki Python, kutuma kutaingia kwenye ile ya Go. Kisanduku sikigusi.